Kambi Nzima Ilikariri Kipimo cha Macho

Watu arobaini na watatu waliingia katika ukumbi wa kambi kule Kasongo, mmoja mmoja, wakasimama mbele ya karatasi moja ukutani, wakasoma herufi ambazo hazikuwepo.

Wote walisoma herufi zilezile.

Mmoja wao alizisoma karatasi ikiwa imeshafunikwa na kitenge, na hakukosea hata moja. Yaani, hakukosea kulingana na alivyofundishwa.

Aliyewafundisha ni mimi.

Naomba msinitukane kabla ya kumaliza kusoma. Mkishamaliza, mko huru.

Naitwa Soraya. Nafundisha darasa la kwanza Kabambare, mwaka wa kumi na nne sasa. Mume wangu Iliasi ni kaporali wa jeshi. Tuna watoto wawili, na tulikuwa tunaishi vizuri mpaka mama yake alipohamia kwetu.

Mama Subira alikuja miaka mitatu iliyopita na mkeka wake, presha yake ya damu na maoni yake.

Presha ina dawa. Kuna bima ya afya ya familia za askari, sisi tunaiita mutuelle, nayo inampa vidonge kila mwezi kwa sababu jina lake limo kwenye orodha ya mume wangu. Mke, watoto wawili, mama. Mwaka juzi vidonge vilichelewa wiki tatu tu, mama akaanguka uani, na tulipomwinua alikuwa hatujui majina. Tangu siku hiyo ile orodha tunaiheshimu kama mtu mzima wa nyumbani.

Maoni yake hayakuwa na dawa.

Kwa karibu mwaka mzima alikuwa hali chakula changu. Napakua, anakitazama, anakigeuza geuza na kijiko, anasema ameshiba. Halafu anakwenda kwa jirani, anakula huko, tena kwa sauti. Mtaa mzima ukajua mwalimu Soraya hajui kupika.

Na mimi nikanuna. Tukawa tunaongea kupitia watoto.

"Mwambie mama yako maji yamechemka."

"Mwambie bibi yako nimesikia."

Tulikuwa tumeachana mita moja.

Basi, ikaja karatasi. Ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya jeshi pale Kabambare, na ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kwa herufi kubwa: familia zote za askari zinahesabiwa upya, kila mtu mzima mwenye kadi afike ukumbi wa kambi Kasongo yeye mwenyewe, asiyefika atafutwa kwenye orodha. La pili, kwa herufi ndogo, lilisema habari za daktari wa macho, siku hizohizo, ukumbi huohuo. Hilo nililisoma juu juu.

Hapa inabidi niwaeleze kitu, maana mtu ambaye hajaishi kambini hawezi kutuelewa.

Kuhesabiwa kwetu si kuhesabiwa. Ni kupunguzwa.

Mara ya mwisho kuna mjane alifutwa kwa sababu siku hiyo alikuwa anamzika kaka yake. Kuna mtoto alifutwa kwa sababu aliitwa jina lake akiwa amelala mgongoni mwa mama yake, na hakuitika. Alikuwa na miezi saba. Kuna mwanamke alifutwa kwa sababu kwenye picha ya kadi alikuwa amesuka nywele, na siku hiyo alikuwa amezifumua. Alirudi kwao Nyangwe kuzisuka tena vilevile, na aliporudi wakasema muda umekwisha.

Kwa hiyo mkituambia kwamba kwenye kuhesabiwa safari hii mtu atasimamishwa mbele ya ukuta na kuulizwa anaona nini, sisi tunaelewa jambo moja tu.

Amisa alinipigia simu. Amisa ni rafiki yangu wa utotoni, mume wake pia ni askari, wanakaa kambini Kasongo.

"Soraya, umesikia? Mutu mwenye haonake, wanamufuta."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu aliniambia. Weye uliisha kuona kontrole yenye haifute mutu?"

Sikuwa nimewahi kuiona.

Iliasi alitusindikiza hadi kwenye pikipiki. Yeye alikuwa zamuni, hakuweza kusafiri. Akanivuta pembeni.

"Mama yangu iko na miaka makumi sita na tisa. Macho yake, sijui. Wakimufuta, vidonge viliisha. Unakumbuka ile siku ya uani?"

"Nakumbuka."

"Basi fanya akili yako ya ualimu. Mama asifutwe."

Ndiyo mzigo niliopanda nao pikipiki. Mama mkwe ambaye hali chakula changu, na mimi ndiye wa kumwokoa.

Tulichukua pikipiki mbili, kwa sababu mama alikataa kupanda moja na mimi. Barabara ya Kabambare mnaijua, na kama hamuijui, mshukuruni Mungu. Tulilala Lusangi kwa watu wa kwao mama, tukafika Kasongo kesho yake mchana, mgongo umekufa, siku moja kabla ya kipimo.

Amisa hakuniacha hata nikae. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya ukumbi. Wanawake kama kumi walikuwa wameshafika, wamejikusanya kwenye dirisha.

"Wameitundika," akasema. "Kiisha wamekwenda kula. Wamefunga mlango. Mwalimu, soma."

Nikachungulia. Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na karatasi nyeupe, herufi moja kubwa juu, mbili chini yake, tatu chini yake, na zinazidi kupungua ukubwa na kuongezeka idadi mpaka chini kabisa ambako zilionekana kama sisimizi.

Nikatoa daftari.

Mistari mitatu ya juu niliiandika bila shida. Kuanzia wa nne herufi zilikuwa zimesongamana, na jua lilikuwa linapiga kwenye kioo. Nilifanya kile anachofanya mwalimu yeyote akikuta daftari la mtoto halisomeki. Nilikadiria.

"Umemaliza?" Amisa akauliza.

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Mpaka ya chini."

Wakapiga vigelegele vya chinichini, maana tulikuwa tumejificha.

Darasa lilifanyika jioni ile, jua bado lipo, nyuma ya jiko la Amisa. Walikuja watu arobaini na wawili. Wake, mama wazazi, baba wakwe wawili, na mabinti wakubwa. Zaidi ya nusu hawakuwahi kukanyaga shule. Nikachukua mkaa nikaandika herufi zote kwenye mlango wa jiko, kisha nikafundisha kama ninavyofundisha wale wadogo: mstari unapewa wimbo, kila herufi ina kofi lake, mnarudia mpaka kichwa kinauma.

Mama Subira alikataa kukaa kwenye darasa langu. Alibeba kigoda chake akakaa kando, amenipa mgongo, anachambua mboga za Amisa.

Ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika yote. Nikiuliza mstari wa tano, kabla watu hawajafumbua midomo, sauti inatoka kule kwenye mboga, kavu, bila kugeuka. Tangu nianze kazi sijapata mwanafunzi kama yule, na hakuwa anaongea na mimi.

Mabinti waliosoma kidogo waliniuliza kama ni kweli kuna herufi mbili zinazofanana zimefuatana kwenye mstari wa nne. Nikawaambia wazungu wanaweka hivyo makusudi ili kumtega mtu. Wakaridhika. Mwalimu ni mwalimu.

Asubuhi tukapanga mstari. Mlangoni alikaa Sajenti Faradji na ile orodha na kalamu nyekundu. Ukimpita yeye, unamkuta nesi, na ukimpita nesi, unamkuta daktari.

Daktari aliitwa Yves, ametoka Bukavu. Kijana bado, mpole, ana miwani. Alimwambia kila mtu karibu, jambo ambalo lilituogopesha zaidi.

Mimi nilikuwa wa tatu. Nilitaka kuwaonyesha wengine kwamba inawezekana.

Akanifunika jicho moja. "Soma, mama."

Nikasoma. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akawa anaandika. Wa nne nikausoma kwa sauti ya darasani kabisa, kila herufi na pumzi yake.

Kalamu ikasimama.

"Rudilia ile ya ine."

Nikarudia. Nilihisi mikono yangu inataka kupiga makofi, nikaizuia.

Akaandika, akanitazama, akasema asante. Nikatoka nje nimeinua kidole gumba. Mstari mzima ukashusha pumzi.

Wakaendelea kuingia. Tulikuwa tunawasikia kutoka nje, maana mlango haukuwa na pazia. Mtu wa kumi, wimbo uleule. Mtu wa kumi na tano, daktari alivua miwani yake akaifuta. Mtu wa ishirini na kitu, aliinuka akaenda mpaka ukutani, akaisoma karatasi kwa pua. Mtu wa thelathini, alimwita nesi aje asome yeye. Nesi akasoma vitu vingine kabisa, ambavyo sisi hatujawahi kuvisikia. Wakatazamana.

Amisa akaninong'oneza, "Yule nesi haonake. Wamufute yeye."

Halafu akaingia Mama Subira, wa mwisho.

Daktari alikuwa ameshachoka. Akasoma fomu yake. "Mama, hapa wanaandika haukusoma masomo."

"Sikusoma."

"Bien. Basi soma pale."

Akasoma. Kutoka juu mpaka kwenye sisimizi wa mwisho, bila kumeza mate.

"Mama, herufi ulizijulia wapi?"

"Mutu akikaa sana katika dunia, anaona vitu."

Tukasikia viatu vya daktari vikienda ukutani, na kitambaa kikitikiswa. Alikuwa amechukua kitenge cha nesi, akakitundika juu ya karatasi. Ikafunikwa yote.

"Na sasa, mama? Mustari ya tano?"

Mama Subira akausoma mstari wa tano.

"Mama. Nimeifunika."

"Nimeona."

"Sasa unasoma nini?"

Akafikiri kidogo. "Niliisoma mbele haujaifunika. Ulichelewa."

Daktari Yves alitoka nje akasimama kwenye baraza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na sura ya mtu aliyefanya hesabu mara arobaini na tatu ikampa jibu lilelile la ajabu.

"Mama zangu, baba zangu. Watu makumi ine na tatu. Mistari tatu ya juu, wote munasoma muzuri. Kutoka ya ine, wote munakosa. Na munakosa sawasawa. Macho ya namna ile hayapatikane duniani. Kuko mutu alikopia, akafundisha wengine. Ni nani?"

Watu wakaanza kutazama miguu yao.

"Sitafuti mutu wa kuazibu," akasema.

Hapo ndipo alipotupoteza kabisa. Kila kuhesabiwa kunaanza na maneno hayo.

Sajenti Faradji akasimama na orodha yake. "Museme! Ni nani? Ama nianze kupiga kalamu tangu juu?"

Hakuna aliyesema. Watu arobaini na wawili, na kila mmoja ana dawa yake au mtoto wake kwenye karatasi ile, wakafunga midomo kwa ajili yangu. Amisa alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Siku ya harusi yangu sikupendwa namna ile. Machozi yalinilengalenga.

Daktari akamshusha Faradji kwa mkono, akaendelea taratibu.

"Nimetuma infirmière, huyu nesi, kwenye dirisha ya nyuma, maana nimeona alama za mikono kwenye kioo. Kutoka pale, amesoma mpaka mustari ya saba. Mimi niko na lineti, miwani hii, na nimefika ya sita. Mwenye alikopia alifika ya tatu. Yenye kubakia, aliibuni."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Kati yenu wote, sijapima hata mutu moja. Nimepima yeye tu. Nimemupima mara makumi ine na tatu kupitia vinywa vyenu, na sijue jina yake. Huyu mutu macho yake inaharibika. Akirudi kwake hivi, sijue kama nitamukuta tena iko naona."

Mlidhani nilisimama?

Sikusimama. Nilijiambia huu ni mtego, tena mtego mzuri, huyu kijana amesoma. Halafu nikakumbuka jua lilikuwa linapiga kwenye kioo. Nilikuwa na mashahidi kumi. Macho yangu hayana shida, mimi nafundisha darasa la kwanza, nasahihisha madaftari sitini kwa siku. Nayaweka karibu na pua, lakini mwandiko wa watoto ni mdogo.

Nikakaa kimya pamoja na wenzangu. Kama mambo yangeishia pale, wale watu wangenipofusha kwa kunipenda.

Kigoda kikakwaruza sakafu ya baraza. Mama Subira akainuka.

"Ni huyu."

Akanyoosha kidole.

"Muke ya mutoto wangu. Soraya. Ule mwalimu."

Nilisikia mtu akisema "Yee, mama!" na Amisa akaachia mkono wangu kwa mshtuko. Sitawadanganya. Nilimchukia mama yule kwa moyo wote. Nimepanda pikipiki siku mbili kwa ajili ya vidonge vyake, nimemfundisha herufi mpaka sauti ikakauka, na yeye ananikabidhi mbele ya watu kama kuku aliyeiba mahindi.

Nilipompita Faradji aliuliza jina langu kamili. Kalamu nyekundu ilikuwa imefunguliwa.

Ndani, daktari alinikalisha. Akanitia matone machoni, akasubiri, akanimulika na taa, jicho hili, jicho lile. Akanigusa jicho na kifaa kidogo ambacho sikukipenda. Akaniambia nimtazame puani, kisha akawa anachezesha vidole pembeni na kuniuliza ni vingapi.

"Vidole gani?" nikauliza.

Akahamisha mkono karibu zaidi. Nikauona ghafla, kama umetokea ukutani.

"Unagongaka milango?"

"Milango ya Kabambare ni myembamba."

"Unajikwaa?"

"Docta, unaijua barabara yetu?"

Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu.

Aliniambia ni presha. Nikamwambia presha ni ya mama mkwe. Akasema hii ni nyingine, ni ya ndani ya jicho. Haiumi. Inakula kuanzia pembeni, polepole, na mtu anazoea, anadhani dunia ndivyo ilivyo nyembamba. Kwangu ilikuwa imeshaanza kufika katikati. Ilichokula hairudishi. Jicho la kulia lilikuwa limebakiwa na robo hivi. La kushoto zaidi ya nusu.

"Kuko dawa ya matone, asubuhi na magaribi, kila siku. Itasimamisha. Haitarudisha, lakini itasimamisha."

"Na kama nisingepatikana leo?"

"Mutuelle inapima mutu mara moja kwa miaka mbili. Kwa miaka mbili ningekupatia fimbo."

Alisema hivyo bila ukali wowote, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Nikamuuliza swali nililolibeba tangu Kabambare. "Sasa mutanifuta mimi peke yangu, ama na mama?"

"Kukufuta wapi?"

Nikamweleza. Mwenye kuona vibaya anafutwa. Ndiyo maana tulikariri.

Daktari Yves alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Akaiweka mezani.

"Mama Soraya. Mutu mwenye anaona vibaya, ni yeye tulikuja kutafuta. Yeye ndiye mutuelle inalipia. Lineti, dawa, yote. Mutu mwenye anaona muzuri, tunamwambia arudi nyumbani."

Yaani nimewafundisha watu arobaini na wawili jinsi ya kunyimwa miwani.

Fomu zetu hazikuwa zimetumwa bado, na hapo Mungu alitusaidia, maana zingetumwa, kila mtu angekuwa ametumia zamu yake ya miaka miwili kwa kuimba. Daktari alizichana zote mbele yetu. Akatoa karatasi nyingine isiyo na herufi, ina alama moja tu kama meza yenye miguu mitatu, na anaigeuza mwenyewe anavyotaka: miguu juu, miguu chini, kulia, kushoto. Unaonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Wanawake waliniangalia kama wananiuliza wimbo wake. Nikatikisa kichwa.

Ilichukua siku mbili zaidi. Kumi na mmoja walipata miwani, Amisa akiwemo, ambaye alimtazama mume wake vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaniambia amezeeka. Sajenti Faradji naye alipimwa. Ikaonekana haoni kabisa maandishi ya karibu, na majina yetu yote miaka hii alikuwa anayataja kwa kukumbuka. Yule mtoto aliyefutwa akiwa na miezi saba wamemrudisha kwenye orodha.

Hakuna aliyefutwa.

Na Mama Subira? Daktari alimpima mara mbili kwa sababu hakuamini. Mama ana macho kama ya msichana. Hakuhitaji kufundishwa hata herufi moja.

Jioni ya siku ile aliyonitaja, kabla hata jua halijashuka, nilimkuta nyuma ya jiko la Amisa. Anachambua mchele. Nilisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza baada ya karibu mwaka nikasema naye bila mtoto katikati.

"Mama, umenitoa mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine.

"Mwaka muzima unanipikia muchele na mawe," akasema. "Maharagi na wadudu, mara mbili. Samaki na magamba. Minakutazama vile unachambua, unapitisha mukono, unaacha jiwe kubwa pale pale mbele ya macho yako. Nikasema: huyu mwanamuke ananichukia. Anataka nikufe polepole, nimuachie nyumba."

Nikainama kuutazama mchele ule.

"Sikumwambia mutoto wangu. Nilisema nikimwambia, atakupiga ama atakufukuza, na watoto wenu watateseka. Nikaanza kula kwa jirani. Nilikuwa nalia kule, Soraya. Nilijiuliza nimekufanyia nini."

Mikono yake ikasimama.

"Basi leo docta anasema: mwenye alikopia haonake muzuri. Nikasema kumbe. Kumbe haikuwa chuki. Kumbe mawe hakuyaona." Akajifuta uso na pembe ya kitenge. "Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana kusikia uko kipofu."

Nilikaa chini palepale kwenye mavumbi. Nilicheka na kulia pamoja, na yeye akanitazama kama anaogopa ugonjwa umepanda kichwani. Mwaka mzima nilikuwa nanuna kwa sababu mama hapendi mapishi yangu, na yeye mwaka mzima alikuwa anameza kimya akidhani namuua. Na wote wawili tulikuwa na sababu nzuri.

"Mimi nilifikiri umenitaja ili wanifute," nikamwambia.

Akarudi kwenye mchele wake.

"Hiyo pia niliifikiri kidogo," akasema. "Lakini nikasema macho kwanza."

Ni miezi mitano sasa. Mutuelle inatuma matone yangu pamoja na vidonge vyake, kwenye mfuko mmoja. Wiki iliyopita nilipimwa tena, maana mwenye dawa hasubiri miaka miwili, na jicho halijapoteza kitu zaidi. Bado nafundisha, ila nimemwomba mkuu wa shule anipe darasa lenye mlango mpana.

Nimeandika haya kwa sababu najua kuna familia huko Nyangwe, Kindu, popote, zitaitwa kupimwa, na kuna mwerevu mmoja atataka kuwasaidia wafaulu. Mimi nilikuwa mwerevu huyo. Ndugu zangu, daktari hatoi cheti. Nenda kamwonyeshe usichokiona, kwa sababu ukimficha, anakuamini na kukurudisha nyumbani na ugonjwa wako.

Na usiwe na haraka ya kujua nani anakupenda. Wale walioninyamazia walinipenda kweli, na wangenigharimu macho. Aliyeninyooshea kidole sasa ndiye anayenitia matone, asubuhi na jioni, maana mimi nikijitia yanaishia shavuni. Hana mkono laini. Ananishika kidevu kama anakamata mbuzi, ananiambia nitazame juu nisipepese, na mimi natazama juu.